Korongo lililopotea kwenye kontua zangu

Wadau, za siku. Nimepotea humu muda mrefu sababu ya kazi za saiti, na leo nimekaa chini niandike jambo ambalo limenikaa kooni tangu ule mradi wa lambo, maana kila nikikutana na vijana waliotoka chuo juzijuzi naona wanapita njia ile ile niliyopita mimi, wana total steshen nzuri, ile mashine ya kupimia umbali na pembe, wana laptopu nzuri kuliko yangu, anakufungulia ramani yenye rangi na kontua, ile mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, zimekaa vizuri utadhani zimechorwa na mkono wa msanii, halafu ukimuuliza hapa katikati ulipima wapi na wapi anabaki anakuangalia. Hapo ndipo tatizo lilipo. Ramani yoyote ya vimo, sehemu kubwa yake hakuna aliyeipima, imejazwa na hesabu, na hesabu ile inajaza kwa kukisia kutoka kwenye pointi chache ulizoleta wewe. Kitaalamu tunaita intapolesheni, kujaza katikati, na watu wengi wanaichukulia kama kitufe cha kubonyeza tu.

Ngoja nianze na stori yenyewe.

Kijiji kimoja kule wilaya ya Chamwino, Dodoma, walikuwa wanataka lambo la kunyweshea mifugo, tuta la udongo linapita kwenye shingo ya kabonde, urefu kama mita 95 hivi, na mimi kazi yangu ilikuwa kupima eneo, kutoa kontua za nusu mita na kukadiria ujazo wa maji na wa udongo wa tuta. Ilikuwa Agosti, jua la Dodoma mnalijua, vumbi, upepo unatikisa tripodi. Tukaweka benchi maki yetu ya muda, alama ya kuanzia vimo vyote, juu ya mwamba, tukaipa kimo cha 100.000, tukaanza kutembea, mimi kwenye mashine, chenimeni, yaani msaidizi wangu, na fimbo ya prizima, kile kioo ambacho mashine inakilenga, kila kama mita 20 anasimama, nasoma, anasonga. Kwa siku mbili tukawa na pointi 187.

Sasa katikati ya kale kabonde kuna korongo. Si kubwa, upana kama mita 6, lakini kingo zake zimesimama wima na ndani kumejaa migunga yenye miiba mirefu, na chenimeni akishuka mle prizima haionekani kutoka nilipo, ingebidi nihamishe mashine, nifungue steshen upya, na ilikuwa saa tisa alasiri tuna njaa. Nikamwambia achana nalo, pima ukingo wa huku na ukingo wa kule inatosha, korongo tutalichora. Na kweli nililichora, mstari wa bluu mzuri kabisa kwenye ramani. Mstari usio na kimo hata kimoja. Nawaandikia haya nikiwa bado nauma, kwa sababu uamuzi ule ulichukua kama sekunde kumi na ndio uliotawala kila kitu kilichofuata, si softiwea wala si fomula.

Usiku gesti nikafungua QGIS, softiwea ya ramani, nikaanza na IDW, ile njia ya kupima uzito kwa umbali, ambayo wengi wetu ndiyo ya kwanza kuijua maana inaeleweka haraka. Mwaka 1968 kijana mmoja mwanafunzi wa Harvard anaitwa Donald Shepard ndiye aliyeiandika vizuri, na wazo lake ni la kawaida kabisa, pointi iliyo karibu nawe ina sauti kubwa kuliko iliyo mbali. Unachukua 1 unagawanya kwa umbali kipeo cha pili, huo ndio uzito. Tuseme nataka kimo cha mahali ambapo sikupima, na nina pointi tatu za jirani, moja ipo mita 10 kimo chake 99.2, nyingine mita 20 ina 98.6, ya tatu mita 40 ina 98.2. Ukikokotoa uzito wao unakuja 16 kwa 4 kwa 1. Unazidisha, unajumlisha, unagawa kwa 21, unapata 99.04. Safi, desimali mbili, inapendeza. Shida ni kwamba mahali penyewe palikuwa katikati ya korongo, na chini ya korongo pale, nilipokuja kupima baadaye, ni 97.1. Karibu mita mbili hewani.

Na hiyo si bahati mbaya, ndivyo njia ile ilivyo. IDW ni wastani tu, na wastani hauwezi kushuka chini ya namba ndogo kuliko zote ulizompa wala kupanda juu ya kubwa kuliko zote. Kama hukupima chini ya bonde, bonde halipo. Kama hukupima kilele, kilele kimekatwa. Hata uongeze kipeo kutoka 2 mpaka 4 au uongeze idadi ya majirani, utabadilisha sura ya matuta matuta lakini hutalipata korongo, kwa sababu taarifa ya korongo haimo kwenye zile namba 187.

Halafu kulikuwa na vichuguu. Upande wa kaskazini wa lile eneo kuna vichuguu vya mchwa, na chenimeni wangu, kama kawaida ya chenimeni yeyote mwenye akili, alipanda juu ya kimoja ili prizima ionekane vizuri. Kichuguu kina upana wa mita tatu na kimo cha mita moja na nusu. Kwenye ramani yangu kilitoka kilima cha duara chenye upana wa mita 30 na zaidi, kontua zimezunguka kama jicho la ng'ombe. Ukiona ramani ina vijiduara vya namna hiyo vimezunguka kila pointi ujue ni IDW hiyo, na ujue pia kwamba ile pointi imepewa eneo ambalo si lake. Mimi nikazifuta zile pointi za vichuguu. Kumbukeni hapo, nitarudi.

Nikaona IDW haifai nikahamia kwenye pembetatu. Hii ndiyo njia tunayoipenda sana sisi wapimaji, unaunganisha pointi zako kwa mistari mpaka eneo lote linakuwa pembetatu, kila pembetatu ni kama kipande cha bati kimelazwa juu ya pointi tatu, na kimo cha popote ndani yake unakisoma kwenye lile bati. Uzuri wake inaheshimu kila kipimo chako, haizidishi wala haipunguzi. Namna ya kuchagua nani aungane na nani tunafuata kanuni ya Boris Delaunay, Mrusi, ya mwaka 1934, kwamba ukichora duara linalopita kwenye kona tatu za pembetatu basi pointi nyingine yoyote isiwe ndani ya duara hilo. Inasaidia kukwepa zile pembetatu ndefu nyembamba kama mwiba.

Lakini hata hapo kuna uamuzi unafanyika bila wewe kujua, na hili nataka mlione kwa namba sababu mimi mwenyewe sikuliamini mpaka nilipolikokotoa kwenye karatasi. Chukua mraba wa mita 20 kwa 20, kona ya juu kushoto kimo 98.6, juu kulia 99.0, chini kushoto 98.2, chini kulia 99.8. Ukiukata mraba huo kutoka juu kushoto kwenda chini kulia, katikati kabisa unapata 99.2. Ukiukata kwa mshazari ule mwingine, katikati ni 98.6. Ukitumia ile njia ya gridi inayochanganya kona zote nne kwa pamoja, wanayoiita bilinia, unapata 98.9. Kona ni zile zile nne, vipimo ni vile vile, hakuna aliyekosea kusoma, na katikati una majibu matatu yanayopishana mpaka sentimita 60. Sasa kokotoa udongo, ule mkato wa kwanza na ule wa pili vinapishana mita za ujazo 80 ndani ya kipande kimoja tu cha 20 kwa 20. Na hapo kwenye gridi Delaunay hakusaidii, maana kona nne za mraba zote zinakaa kwenye duara moja, kompyuta inachagua tu. Jamani, mita za ujazo 80 ni lori nane za mita 10, zinategemea kompyuta imeamka vipi.

Na kwenye korongo langu, pembetatu zilifanya kitu kimoja kibaya, zilijenga daraja. Kona mbili ukingo wa huku, kona moja ukingo wa kule, bati likalala juu ya korongo limeliziba kabisa. Ule mstari wangu wa bluu ukawa unapita juu ya hilo bati, eti mto unatiririka juu ya sehemu tambarare. Nikauona. Nakumbuka niliuona, nikajiambia ni kadogo.

Siku iliyofuata nikajaribu na krigingi, maana nilikuwa nimetoka kuisoma na nilikuwa na hamu nayo. Hii asili yake ni hapa hapa Afrika, na nadhani tunapaswa kuisema zaidi kuliko tunavyoisema. Danie Krige alikuwa injinia wa migodi kule Afrika Kusini, kwenye dhahabu ya Witwatersrand, alikuwa anasumbuliwa na swali la kwamba una sampuli chache za mwamba, utajuaje dhahabu iliyopo kati ya sampuli na sampuli, na mwaka 1951 akaandika kazi yake ya shahada ya uzamili kuhusu hilo, halafu Mfaransa Georges Matheron akaja kuijengea hesabu kamili na akaipa jina la Krige. Kinachonifurahisha ni kwamba kabla ya kujaza chochote, inakulazimisha kwanza uulize ardhi yako ina tabia gani. Unachukua pointi zako mbili mbili, unaangalia tofauti ya vimo vyao, unaipandisha kipeo cha pili, unatafuta wastani kwa kila umbali na kugawa kwa mbili, zilizoachana mita 10, zilizoachana mita 20, 50, 100, unachora. Huo mchoro ndio variogramu. Kwenye ardhi ya kawaida pointi za karibu zinafanana, tofauti ndogo, ukienda mbali tofauti inapanda, mpaka kuna umbali fulani ambapo pointi mbili hazijuani tena. Ukishajua tabia hiyo ndipo unagawa uzito, na uzito unatoka kwenye ardhi yenyewe, si kipeo cha 2 ambacho mtu alikipenda tu.

Tena krigingi inakupa na ramani ya pili inayokuonyesha wapi ina uhakika na wapi inabahatisha. Ile ramani ya pili ni dhahabu, na cha ajabu watu wengi wanaifunga bila kuiangalia. Ila na yenyewe ina mpaka wake. Ule uhakika unahesabiwa kutokana na umbali wa pointi na ile variogramu, na variogramu yangu ilitengenezwa na pointi za juu ya kingo tu, ardhi tulivu inayoteremka taratibu. Kwa hiyo krigingi ikaamini kwamba ardhi yote ya pale ni tulivu, ikaniambia kwa ujasiri kabisa kwamba pale kati ya kingo mbili, mita tatu kutoka pointi niliyopima, nina uhakika mkubwa. Mita tatu hizo ndizo zilikuwa na shimo la mita mbili.

Kuna na splaini, hizi nazipenda kwa macho, ni kama umechukua bati jembamba ukalikunja lipite kwenye pointi zote kwa mkunjo mdogo iwezekanavyo, kontua zake zinatoka laini sana, na tofauti na IDW zenyewe zinaweza kupanda juu ya namba zako au kushuka chini yake. Kwenye milima ya mviringo inafaa kweli. Kwenye ukingo uliosimama wima linapinda vibaya, linaruka juu halafu linazama, unapata tuta la uongo pembeni ya korongo. Nilijaribu, nikaacha.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo nilipodanganyika kwa nguvu zaidi. Nilitaka kuwa mtu makini, nikafanya ule ukaguzi tunaofundishwa, nikazitoa pointi 20 pembeni bila mpangilio, nikajenga sura ya ardhi na 167 zilizobaki, halafu nikaangalia kwenye zile 20 nimekosea kiasi gani. Ikatoka kama sentimita 20 kwa wastani. Kwa lambo la kijijini hiyo ni nzuri mno. Nikaandika ripoti, nikaweka na hiyo namba kwa herufi nzito. Nimekuja kulielewa baadaye, na nalisema kwa kila kijana anayefanya kazi na mimi, kwamba zile pointi 20 zilitoka kwenye mfuko ule ule. Zote zilikuwa juu. Mle nilimokataa kushuka hamkuwa na pointi ya kuficha wala ya kuonyesha, kwa hiyo mtihani haukuwa na swali la korongo, na mimi nikapata alama za juu kwenye mtihani nilioutunga kutokana na majibu niliyokuwa nayo tayari.

Makadirio yakaenda, mkutano wa kijiji ukakaa, hela ikapitishwa, na michango ya wananchi ikaanza kukusanywa. Mwezi Oktoba tukarudi kupigilia pegi za tuta. Mzee mmoja mfugaji alikuja akasimama pembeni na fimbo yake, nikamwamkia shikamoo babu, akaitikia marahaba mwanangu, akawa anaangalia tu kamba tulivyoivuta kutoka upande huu hadi ule juu ya korongo. Akaniuliza, "Mwanangu, na mle ndani mlishapima?" Nikamwambia tumepima kingo zote mbili babu. Akasema, "Kingo hazinywi maji. Maji yanakaa mle." Akashuka mwenyewe, pole pole, akajiinamisha kwenye migunga, akasimama chini kabisa, na mimi nikiwa juu nikaona kofia yake iko chini ya miguu yangu.

Hapo moyo ulinipasuka. Nilijua saa ile ile, kabla ya kushika kalamu.

Ngoja niwape hesabu muone kwa nini. Tuta letu juu lina upana wa mita 3, na mteremko wa kila upande unaenda mita 2.5 kwa kila mita 1 ya kushuka. Eneo la mkato wa tuta kwa hiyo ni mara 3 ya kimo, ongeza mara 2.5 ya kimo kipeo cha pili. Kimo cha tuta kwenye ramani yangu pale katikati kilikuwa mita 3.5, mkato unakuja kama mita za mraba 41. Ukiongeza kina cha korongo, mita 2.2, kimo kinakuwa 5.7, na mkato unaruka mpaka 98. Kimo hakijafika hata mara mbili, lakini udongo umezidi mara mbili, kwa sababu ya kile kipeo. Zidisha ile tofauti kwa upana wa mita 6, unapata kama mita za ujazo 340 za udongo ulioshindiliwa ambazo hazikuwemo kwenye bajeti, na kwenye lori zinakuwa nyingi zaidi maana udongo uliochimbwa umevimba. Hapo sijagusa habari ya kuchimba msingi chini ya korongo ili maji yasipenye.

Upande wa maji kosa lilikuwa la faida, korongo lile kutoka kwenye tuta kwenda juu lina kama mita 180 za urefu zinazozama, ukichukua kina cha wastani cha 1.6 unapata kama mita za ujazo 1,700 ambazo ramani yangu haikuziona. Kwa ng'ombe mmoja lita 40 kwa siku, hayo ni maji ya ng'ombe 400 kwa siku kama 106, ukiacha yanayokaushwa na jua. Kwa hiyo niliwaambia wananchi udongo mdogo kuliko ukweli na maji machache kuliko ukweli, kwa kosa moja.

Nikasimama mbele ya mkutano wa kijiji nikaeleza. Nilisema kosa ni langu, si la mashine, si la kijana aliyebeba prizima. Walininyamazia muda mrefu, mama mmoja akauliza kama hela iliyochangwa imepotea, nikamwambia haijapotea mama ila haitoshi, na ni kweli ilibidi wachange tena na halmashauri iongeze. Sitaisahau ile siku.

Tukapima upya. Safari hii nilianza na korongo, nikahamisha mashine mara tano, tukakata miiba, chenimeni alipita chini katikati kutoka juu mpaka shingoni kwenye tuta, kila mita 8 au palipobadilika, halafu mguu wa ukingo wa kushoto, mguu wa kulia, na mdomo wa ukingo pande zote mbili. Pointi 96 mpya. Na kwenye kujenga pembetatu nikaiamuru kompyuta kwamba hii mistari mitano isivukwe, pembetatu yoyote ikifika kwenye mstari wa mdomo wa korongo iishie hapo. Mistari hii ya kukata ndiyo siri ya kazi yetu yote, mdomo wa korongo, mguu wa mteremko, ukingo wa barabara, mtaro, kila mahali ardhi inapovunjika. Pointi 30 kwenye mstari wa mvunjiko zina faida kuliko 300 zilizomwagwa kwenye tambarare. Kuna Mwaustralia anaitwa Michael Hutchinson, mwaka 1989 alichapisha njia ambayo unaipa na mistari ya mito pamoja na vimo, yenyewe inalazimisha ardhi iteremke kufuata mto na inafuta mashimo ya uongo, na nadhani alikuwa anawaza kile kile, kwamba ardhi imechongwa na maji kwa hiyo hesabu inayojaza katikati inatakiwa ijue habari za maji. Ila hata yeye lazima umpe mto wenyewe ulipo.

Nikishaandika haya lazima niguse na hii tabia inayoniumiza roho siku hizi, ya watu kuuza kontua za nusu mita zilizotolewa kwenye data za SRTM, vimo vilivyopimwa kwa rada kutoka angani, bila mguu kukanyaga saiti. Naheshimu sana ile kazi. Februari 2000 chombo cha Endeavour kilizunguka dunia siku 11 kikipiga rada, na nchi kama yetu ikapata vimo vya kila pembe, na tangu mwaka 2014 tunazipata bure kwa ukubwa wa mita kama 30. Kwa kujua maji ya wilaya nzima yanaelekea wapi, hakuna kitu bora. Lakini pikseli moja ya mita 30 kwa 30 ni mita za mraba 900 zenye namba moja tu, namba yenyewe imeandikwa kwa mita kamili bila desimali, rada iligonga juu ya miti na mapaa ya nyumba, na lengo lao wenyewe lilikuwa kosa lisizidi mita 16 kwa asilimia 90 ya sehemu. Kwa kawaida inafanya vizuri kuliko hapo, sawa. Sasa mtu anachukua hiyo, anaichana kuwa vipande vya mita 1 kwa njia ya kulainisha, inatoka nyororo kama shuka iliyopigwa pasi, anachora kontua za nusu mita, anapiga muhuri. Zile kontua zote kati ya mita moja na nyingine zimetungwa na fomula. Korongo la mita 6 mle ndani halipo na haliwezi kuwepo. Hata zile ramani zetu za zamani za 1:50,000 zenye kontua za mita 20, ukizifuatisha kwa mausi na kujaza katikati, pembetatu nyingi zinaangukia kona zote tatu kwenye kontua moja, unapata ngazi ngazi mlimani ambazo hakuna mtu amewahi kuzipanda. Anayenunua mchoro ule ni mtu anayetaka kujenga shule au kuchimba mtaro, anauamini kwa sababu una kontua, na mvua ikija ndiyo inampa vimo vya kweli.

Lambo lilijaa msimu ule ule. Na kujaa kwake kulinipa kitu ambacho sikukitegemea, maana ukingo wa maji yaliyotulia ni kontua, kontua ya kweli kabisa, haijakisiwa na mtu. Mwezi Aprili nikarudi na GPS ya RTK, ile inayopima kwa usahihi wa sentimita, nikasoma kimo cha maji kwenye kipimo tulichochora kwenye mdomo wa kutolea maji, ilikuwa 101.05, halafu nikatembea kando ya maji lambo zima na buti zangu, pointi kila hatua tano. Julai nikarudi tena, jua limeshakunywa na ng'ombe wameshakunywa, maji yapo 99.80, nikatembea tena. Usiku nikaweka mistari yote miwili juu ya kontua zangu mpya. Upande wa korongo mistari ililaliana, tofauti mita moja hivi kwa ulalo, sehemu nyingi hata chini ya hapo. Nilikaa nikaangalia ile skrini muda mrefu jamani, ni furaha ambayo sijui niielezeje.

Ila kaskazini, kwenye ule mstari wa Aprili, maji yaliingia kama ulimi mita 14 ndani ya sehemu ambayo ramani yangu inasema ni kavu. Ni pale kwenye vichuguu. Zile pointi nilizozifuta ile siku ya kwanza sikuzirudishia kitu, nikaacha pengo, pembetatu zikajinyoosha juu yake kama zilivyofanya kwenye korongo. Kati ya kichuguu na kichuguu kuna kimkondo, ng'ombe wamekichimba kwa kwato miaka mingi, na yule mzee nilipomuonyesha kwenye simu alicheka akasema hiyo ndiyo njia yao ya kurudi nyumbani. Agosti nakwenda kukagua tuta, nitabeba prizima, na yeye amesema atakuwepo anionyeshe inapoanzia.